Joto la Raba

Ihanja,
Jumapili, 18 Mei 2025

Ndugu yangu Sikudhani,

Nakusalimu kwa jina la Mungu aliyetuumba sote wawili, wewe wa msikitini na mimi wa kanisani. Hapa tumeamka wazima. Christopher mume wangu anapura alizeti, mkwe wangu Editha ananyonyesha, na mimi nimejificha nyuma ya nyumba nikuandikie. Najua utasema si ungepiga simu. Simu ya nyumba hii ikilia anapokea Editha, anaweka sauti kubwa, na mambo yetu wanayasikia mpaka kuku. Heri Hosea na lori lake la alizeti. Barua akiiweka juu ya dashibodi inafika Iguguno bila kupita kwenye masikio ya mtu.

Sasa sikia. Leo baada ya Misa amenifuata Mwalimu Sostenes, yule mkuu wa sasa wa shule yetu pale Sepuka. Shule inatimiza miaka hamsini. Jumamosi tarehe mbili Agosti kutakuwa na mbio za watu waliosoma pale, kutoka mnadani mpaka uwanja wa shule. Akaniambia, "Mama, kile kikombe chenu cha mwaka themanini na saba bado kiko ofisini kwangu. Kina kutu, lakini majina yenu yaliyochorwa kwa msumari yanasomeka. Nataka nyie wawili ndio mtangulie."

Nilicheka, halafu machozi yakanitoka mbele za watu. Nimekumbuka yote. Mbio za kupokezana, na shule nzima ina raba jozi moja tu. Wenzetu wanapokezana vijiti, sisi tunapokezana raba pale korongoni! Mimi nafika natweta, navua, na wewe umekaa mchangani miguu peku, unazivaa, unaondoka kama digidigi aliyesikia mbwa. Wale watoto wa Ihanja wanatuzomea, "Jamani, wanahama nyumba!" Na bado tukawashinda.

Basi nimeanza mazoezi. Natoka alfajiri, nakimbia huku nasali, matendo mawili ya rozari kwenda na mawili kurudi. Mnadani nimepata raba nyeupe zenye mstari wa bluu, ndugu yangu, zile zile kabisa. Nilipoziona moyo uliruka. Lakini kuna jambo linanisumbua. Nikimaliza tendo la kwanza, vidole vya miguu vinakufa ganzi. Haviumi, ni kama vya mtu mwingine aliyeniazima. Nikivua naviona vimepauka kama vimepakwa majivu. Wewe ndiye uliyekuwa fundi wa mambo ya miguu. Nifanyeje?

Na utakuja, si ndiyo? Sema ndiyo.

Kanga wako anayekimbia na viwiko,
Felista


Iguguno,
27 Mei 2025

Kanga,

Amani iwe kwako, na kwa hao kuku wako wasikilizaji.

Barua yako nimeisoma mara ya kwanza nimesimama, mara ya pili nimekaa. Kikombe bado kipo! Nilidhani walishakigeuza cha kunyweshea vifaranga.

Kuhusu ganzi: legeza kamba. Wewe tangu zamani unafunga raba kama mtu anayefunga gunia lisimwagike njiani. Kidole gumba kisiguse mbele, kiwe na mahali pa kucheza. Soksi iwe kavu na nzito, maana huo upepo wa Singida wa mwezi wa sita hauna huruma. Anza kwa kutembea mpaka damu ichangamke, ndipo ukimbie. Ganzi ikija, simama, vua, chezesha vidole. Usijifanye shujaa. Mimi nakimbia kila nikimaliza sala ya alfajiri, mpaka kwenye mashamba ya mahindi na kurudi, na sina shida.

Sasa nijibu haya bila kunizungusha. Unasikia kiu sana siku hizi? Usiku unaamka mara nyingi kwenda chooni? Ukinawa miguu, unatambua kama maji ni ya baridi au ya vuguvugu? Nijibu yote, usichague.

Agosti sitaweza kuja. Ndio wakati wa kukamua alizeti, na mashine hainiachi hata nikohoe. Wewe kimbia kwa niaba yetu.

Sikudhani


Ihanja,
8 Juni 2025, Sikukuu ya Pentekoste

Ndugu yangu,

Nakuandikia nikiwa bado na nguo za kanisani. Nimefurahi barua yako, lakini nilipofika katikati nikasema, huyu ni Sikudhani au ni nesi? Kiu, choo, maji ya kunawa! Mwanamke wa miaka hamsini na moja aliyelea watoto sita ataachaje kuamka usiku? Niache na choo changu.

Tena hukujiita Digidigi. Umeandika "Sikudhani" kama unaiandikia ofisi ya kata.

Nikamwuliza Hosea, "Huyo rafiki yangu anaendeleaje na mbio zake?" Akainama akaanza kukagua tairi. Tairi lenyewe zima. Akasema, "Mama Petro, mama yule ni mzima kabisa, Mungu ni mwema," akapanda lori. Nikajua kuna kitu. Umenuna? Kama ni kwa sababu sikuja kwenye msiba wa mume wako, unajua nilikuwa nauguza. Nilikwambia nawe ukasema yamekwisha. Kama hayajaisha niambie. Usiukatae uwanja wetu kwa kisingizio cha mashine. Alizeti inaweza kusubiri siku moja.

Kamba nimelegeza, raba zikawa zinanichubua kisigino, nikakaza tena. Ganzi iko pale pale. Ila usihangaike, dawa nimeipata mwenyewe, ile ya bibi zetu. Nikirudi tu naingia jikoni, navuta kigoda, miguu naiweka karibu na mafiga mpaka nasikia vidole vinarudi. Asubuhi za siku hizi ni baridi mpaka mbuzi wanagoma kutoka zizini. Naweka miguu pale, nakunywa uji, namalizia rozari. Raha ya ajabu! Nakumbuka tulivyokuwa tunaota moto kwenu, mama yako akituchapa na mwiko tusisogeze miguu kwenye chungu.

Usiniache peke yangu tarehe mbili.

Felista


Iguguno,
10 Juni 2025

Felista,

Hosea anawasha gari, naandika nikiwa nimesimama mlangoni. USIWEKE MIGUU MOTONI. Hata karibu. Hata jivu la moto. Vidole vilivyokufa ganzi haviwezi kusikia moto ukiingia. Vifunike kwa blanketi, visugue kwa mikono, basi. Sijanuna. Usiweke miguu motoni.

S.


Ihanja,
17 Juni 2025

Sikudhani,

Lori la Hosea lilikatika springi njiani, barua yako imenifikia jana jioni. Nimeungua tangu Ijumaa.

Nilikuwa nimekaa na uji wangu. Editha akaingia na kuni, akasimama, akanusa. "Mama, unachoma kwato?" Nikamwambia hakuna kwato hapa. Akapiga kelele, "Mama, mguu!" Nikatazama. Kidole gumba na kile cha pili vilikuwa vimegusa kichwa cha gogo, ngozi imefura kama mkate, na mimi, Mungu shahidi yangu, sikuwa nimesikia chochote. Nilikuwa kwenye Salamu Maria ya saba.

Maumivu yamekuja baadaye, usiku mzima. Christopher amezificha raba. Anasema mwanamke mwenye wajukuu akishindana na digidigi atarudi na kwato kweli. Editha anataka nipelekwe kituo cha afya. Nimekataa. Wewe nakwambia ukweli ambao humu ndani sijamwambia mtu: naogopa. Marehemu kaka yangu alienda kupimwa kidonda kidogo, wakaanza na maneno hayo hayo ya kiu na choo. Unajua alivyorudi. Ninasali. Mungu anajua miguu yangu kuliko daktari.

Lakini wewe uliyajuaje? Umeniandikia kabla hata sijaungua. "Hata jivu la moto." Maneno hayo hayasemwi na mtu anayekimbia kila alfajiri mpaka kwenye mahindi. Nani amekueleza? Au ulitaka tu niache mbio ili usionekane wewe ndiye umekataa kuja?

Felista


Iguguno,
21 Juni 2025

Kanga wangu,

Hakuna aliyenieleza.

Mwaka juzi nilikuwa natawadha alfajiri, nikamimina maji mguuni, nikaona sisikii ubaridi. Unajua nilifanya nini? Nilishukuru. Nilidhani Mungu amenionea huruma kwa uzee wangu, amenipunguzia baridi ya mwezi wa sita. Nikaendelea hivyo nikishukuru. Nikawa nakimbia kidogo asubuhi, ganzi ikija nasema ni upepo. Na nikirudi nilikaa kwenye mafiga kama wewe. Tena kwa kigoda kile kile cha mama, niliondoka nacho nilipoolewa.

Mimi sikuwa na Editha wa kunusa. Nilikuwa peke yangu, nilisinzia. Kidonda nikakifunga kwa majani, kisha kwa kitambaa, kisha kwa aibu. Nilipofika hospitali sukari ilikuwa imeshafanya makao. Wamekata vidole vyote vya mguu wa kushoto, Felista. Vyote vitano. Natembea kwa fimbo. Nusu ya mbele ya kiatu najaza kipande cha kanga.

Sikimbii. Hosea nilimwapisha, usimgombeze, tairi lilikuwa kimbilio lake.

Utauliza kwa nini sikukwambia. Hapa Iguguno kila mtu anajua mguu wangu. Nikipita sokoni wanatazama chini kwanza, halafu ndio wananisalimu. Nikifungua barua yako wewe unaniita Digidigi. Unanikumbusha vumbi, korongo, watoto wakituzomea. Kwenye barua zako bado nilikuwa na vidole kumi. Sikuwa tayari kuvikata na huko.

Sasa nimevikata, kwa sababu ya vyako. Nenda kapime kesho. Sali ukiwa njiani, sali ukiwa kwenye benchi, mimi pia huku nitakuwa kwenye mkeka. Lakini nenda. Usipokwenda, usiniandikie tena, maana sitaweza kusoma.

Sikudhani


Ihanja,
6 Julai 2025

Digidigi,

Nitaendelea kukuita hivyo mpaka unikataze.

Barua hii nimeianza mara tatu. Nilikwenda. Nilikwenda siku ile ile niliyopata yako, na Christopher akanisindikiza kama mtu anayekwenda kuzika. Kwenye benchi nilisahau sala zote, nikawa nasema tu jina lako na la Mama Maria, jina lako na la Mama Maria.

Nesi alinitoboa kidole, akaangalia kile kimashine, akarudia. Kesho yake akanirudisha kabla sijala, akatoboa tena. Kisha akaniomba nifumbe macho, akawa ananigusa nyayo kwa uzi, nimwambie anagusa wapi. Kila alipogusa nikapataja.

Sukari sina.

Naona aibu, Sikudhani. Nilipotoka pale nilicheza mbele ya watu, mwanamke mzima, mguu una bendeji. Nikafika kwenye mti wa kwanza nikakukumbuka, nikakaa chini nikalia. Kwa nini mimi nisamehewe na wewe hapana? Nimemwuliza Paroko, amesema hata yeye hajui. Nikampenda kwa jibu hilo.

Na sikia jambo la kuchekesha, kama moyo wako unaruhusu. Nesi alimwambia Christopher alete zile raba. Akazishika, akazigeuza, akasema, "Mama, hizi unavaa wewe au mjukuu?" Zina namba ile ile niliyokuwa navaa darasa la saba! Pale mnadani sikuzijaribu, Sikudhani. Niliona mstari wa bluu nikasahau kwamba miguu imeshabeba mimba sita na madebe ya maji ya miaka yote hii. Nesi alicheka mpaka akafuta macho. Kumbe vidole vilikuwa vimebanwa kama dagaa, damu haipiti, na upepo unamalizia. Kisha naenda kuvichoma.

Kidonda kinakauka. Ameniambia mbio ruksa kikifunga, lakini kwa kiatu kipana, na jikoni niingie kupika tu.

Ila sitaki tena kukimbia. Nitakimbiaje na wewe huko umekaa? Nimemwambia Mwalimu Sostenes atafute wengine.

Felista


Iguguno,
15 Julai 2025

Kanga mjinga,

Alhamdulillah, alhamdulillah, alhamdulillah. Nimeisema mpaka majirani wakaja kuuliza nimeletewa nini.

Usinionee aibu. Mimi sikukata vidole ili na wewe vyako vikatike tuwe sare. Niliposoma "sukari sina" nililala usingizi ambao sijaulala tangu mwaka juzi. Na niliposoma habari ya namba ya darasa la saba nilicheka mpaka fimbo ikaanguka. Mwanamke wa makalio yale, na raba ya mtoto! Ungekuwa na miguu ya kuku sawa, lakini wewe hata zamani ulikuwa na miguu ya bata.

Sasa nisikilize. Ninazo raba. Hospitali walinishauri nivae pana, nikanunua za kiume. Kwako zitakuwa na nafasi ya kidole kucheza. Hosea amekubali kunileta siku ile na lori, alizeti yake itasubiri, mashine yangu itakaa kimya siku moja, dunia haitaisha.

Wewe utaanza mnadani na yeboyebo zako za plastiki. Mimi nitakuwa korongoni, pale pale mchangani, nimezivaa tangu nyumbani. Zamani mimi ndiye niliyesubiri, na nilizikuta za moto kama ugali unaoteremshwa jikoni. Hukuwahi kuamini nikikwambia. Safari hii nitakupashia mimi.

Mwambie Mwalimu Sostenes asitafute wengine.

Nitavaa gauni refu. Nikivua, usitazame chini kwanza.

Digidigi


Ihanja,
Jumapili, 3 Agosti 2025

Digidigi wangu,

Jana watu walikuwa wengi na ngoma zilikuwa kubwa, na Hosea alikuharakisha giza lisiwakute. Kuna jambo sikupata nafasi ya kukwambia. Nimetoka Misa sasa hivi, nimekaa nyuma ya nyumba, kuku wamefukuzwa.

Kwanza, usisahau kwamba tumekuwa wa mwisho. Mwalimu Sostenes anasema tulitangulia kwa heshima. Na yule mama mnene aliyesimama juu ya ukingo wa korongo akapiga kelele, "Jamani, hawa bado hawajamaliza kuhama?" unamjua ni nani? Ni mmoja wa wale watoto wa Ihanja! Ana wajukuu tisa, na mdomo ni ule ule.

Sikutazama chini kwanza. Nilikutazama usoni, ukatabasamu, ukavuta kamba ya kulia kwa mkupuo mmoja kama mwalimu wetu wa zamani alivyotufundisha. Ya kushoto uliifungua taratibu. Ulitoa kile kipande cha kanga, ukakibana kwapani, ukavuta gauni likafunika mguu. Ukasema, "Vaa, Kanga, wanatupita." Hakukuwa na mtu wa kutupita, wote walishafika.

Nilipoingiza mguu wa kulia nikashtuka. Kumbe ndivyo ilivyokuwa! Miaka yote ile mimi nilikuwa navua tu, sikuwahi kuvaa raba uliyotoka kuivua wewe. Ilikuwa ya moto mpaka kwenye pembe, kama mkono wa mtu anayekupokea safarini. Nikataka nikae pale nisiondoke.

Kisha nikaingiza wa kushoto. Kisigino kilikuwa cha moto. Katikati pa moto. Mbele, mahali pa vidole, palikuwa pa baridi, baridi ya kitu ambacho hakuna aliyekikalia. Na vidole vyangu vyote vitano viliisikia ile baridi, kimoja kimoja, hata vile viwili vyenye makovu. Ndiyo maana niliondoka bila kukujibu. Ulidhani nimechoka.

Kutoka pale mpaka uwanjani sikusali rozari. Nilikuwa nakanyagia mbele, nasukuma vidole mle ndani, navichezesha kila hatua kama ulivyoniagiza, watu wakidhani nachechemea. Nilipofika pale ulipokuwa umekaa chini ya turubai, Hosea akiwa ameshakuleta kwa lori, mbele nako palikuwa pamepata moto. Nilivua haraka, nikakupa kabla upepo haujaingia.

Wewe ulivaa upesi kwa sababu watu walikuwa wanakuja kutupa mikono, na kile kipande cha kanga ulikisahau. Nimekifua, kipo hapa kwenye kamba.

Niambie, Sikudhani. Pale mbele, ulikuta joto?

Kanga wako,
Felista